Farasi Mia Tatu, Kwato Nne

Gocha alipokwenda Poland kupakia maboksi
aliniachia ufunguo, deni la bima,
na gari jeusi lenye nguvu za farasi mia tatu
ambalo jirani yetu Tsiuri huliita Radi
kwa kuwa humwamsha kabla ya jogoo.

Matairi hakuniachia.
Aliacha duara nne za mpira, vipara vitupu,
nyaya zimeanza kuchungulia begani
kama mbavu za mbwa wa kituoni.

Mimi hupima maziwa kiwandani, Telavi.
Kila alfajiri napanda Gombori, nashuka Gombori.
Wiki iliyopita, manyunyu tu, wala si mvua,
mkia wa gari uliniaga kwenye kona,
ukaenda zake upande wa bonde,
ukarudi. Sijui kwa nini ulirudi.
Nikaegesha. Injini ikanguruma palepale
kama mlevi aliyesahau alichokuwa akigombea.

Jumamosi, Rustavi, soko la magari.
Lari mia sita kwenye soksi, soksi kwenye buti.
Badri, mwenye kibanda, alilizunguka gari mara mbili,
akapiga teke rimu za inchi kumi na tisa,
akasema bei, nami nikacheka,
naye akacheka, kisha akanyamaza:
hakuwa ametania.

“Basi mtumba. Wa Kijerumani, jina kubwa. Ona kashata!”
Nikachomeka sarafu, ikazama vizuri.
Lakini ubavuni, ndani ya kiduara chembamba,
tarakimu nne: sifuri tisa, kumi na nne.
Wiki ya tisa, mwaka elfu mbili na kumi na nne.
Wiki hiyo mama alikuwa hai,
anabanja jozi mezani kwa kisigino cha kiatu,
na Gocha alikuwa anafeli hesabu.
Nikabonyeza ukucha. Haukuacha alama.
Jiwe, lililochorwa likafanana na tairi.

“Basi haya mapya.” Yalikuwa na vinywele bado,
na jina linalotamkika kama kikohozi.
Nikasoma herufi ya mwisho, herufi ya mwendo.
“Badri, hii ni ya gari la mkate.”
“Wewe utakimbia kwenda wapi, dada?”
“Sikimbii. Nataka kusimama.”

“Basi mawili ya maana, nyuma.”
“Na mbele?”
“Mbele utamwachia Mungu.”

Farasi mia tatu. Nikawaona wote,
mistari kwa mistari, manyoya yanang’aa,
wanasukumana wapite juu ya kwato nne,
kila kwato upana wa kiganja changu.
Na kaka yangu alinunua farasi,
akanunua bomba la moshi, akanunua viti vyekundu,
kwato akazisahau.

Ndipo nikaziona chini ya turubai:
rimu za kumi na saba, zimekwaruzwa,
sura ya sahani za hospitali.
“Zile?”
“Zile ni za wazee.”
“Breki zinapita?”
Akafungua gurudumu, akapachika moja,
akapenyeza kidole cha shahada.
Kilipita, kwa shida, kikatoka cheusi.

Tukauza zile kubwa palepale
kwa kijana mmoja mwenye tabasamu la Gocha.
Nikamhurumia kidogo. Nikahesabu pesa mara tatu.
Matairi manne ya Korea, ya mwaka huu,
laini hata ukucha ukaandika,
mashavu manono ya kuvumilia mashimo.
Zikabaki lari kumi na moja. Nikala khachapuri nimesimama.

Usiku nikampelekea picha.
Kimya kirefu. Kisha sauti yake, ya ghalani, yenye mwangwi:
“Nanuli. Umelivua viatu vya harusi.”
“Ndiyo,” nikamwambia. “Limevaa vya kazini.”

Jumatatu mvua ilinyesha kweli.
Kwenye ile kona nilipunguza mwendo, hata hivyo,
mkono ukasahau kutetemeka mpaka nilipofika bondeni,
ndipo ukakumbuka.