Chai Ikiinama

Nyumba yetu haina chini.
Ina mapipa ya buluu arobaini na nane,
boriti za mkoko, nanga mbili,
mbele Manda, nyuma Lamu,
na maji yanayopanda na kushuka bila hodi.

Mama mkwe alipopata habari
kuwa mwanawe ananihamishia majini
aliuliza swali moja tu, mbele ya watu:
"Na mkienda chooni?"

Kwake Langoni jibu lilikwishajengwa
kwa mawe na chokaa, tangu babu wa babu:
shimo ambalo halijajaa, wala halijaulizwa.
Birika lina visamaki viwili vya kula viluwiluwi.
Maji ya kuogea hupita tundu la ukuta,
huingia mferejini, huteremka na kichochoro.
Yakishakata kona, si yake tena.

Sisi hatuna kona.
Ndiyo sababu Lali Famau, fundi wa mabomba,
alikuja na tangi jeusi la lita mia tatu,
akalilaza chini ya sakafu upande wa kusini,
akanikalisha kama mtoto wa chuoni:
hii pampu, mkono mara kumi, si tisa;
hii vali, kulia tangi, kushoto bahari.
Ya kushoto akaifunga kwa waya, akaukaza kwa koleo.
"Kushoto hakuna."
Na bomba hili jembamba lipandalo paani, ni pua.
"Choo ni kiumbe, Bi Mwanatumu. Kikikosa pumzi kinaoza.
Wamo wadudu humo, huwaoni,
wanakufanyia kazi, ujira wao hewa.
Ukiwamwagia jiki umewaua, na mimi usiniite."

Maji ya vyombo yana njia yake:
kitambaa cha kunasa mafuta ya papa,
kisha makumbi, kisha makaa, kisha mchanga,
hutoka tone, tone,
kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.

Kipimo hatuna. Kilichoagizwa Mombasa kilikuja cha lori.
Kipimo chetu ni chai.
Tangi likiwa tupu, chai hukaa sawa kikombeni.
Siku ya tisa huegemea kusini, unyuzi tu.
Siku ya kumi na tatu mlango hujifungua wenyewe,
ndimu hubingirika mezani,
na mume wangu, bila kuinua macho, husema:
"Mwite Lali."

Huja na bamvua, apate kina cha kurudi na mzigo
hadi ndani ya kijito, kwenye shimo lake nyuma ya minazi.
Mpira mnene, mashine inakohoa,
na nyumba inainuka taratibu
kama punda anayetuliwa mawe.

Maulidi wakaja wageni kumi na mmoja, na yeye.
Siku ya pili harufu ikautangulia ubani.
Hakusema. Alivuta ukaya puani,
na kule kutosema kukasikika hadi Shela.

Lali akapanda paani, akachokora bomba,
akatoa kidonge cha udongo mkavu:
nyumba ya nyigu, imefinyangwa vizuri mno.
"Fundi kakutana na fundi," akacheka,
akalivisha bomba kipande cha chandarua.
Kufika alasiri choo kilikuwa kinapumua,
na wageni wakarudia biriani.

Mama mkwe alikaa ukingoni, maji yakipwa.
Povu la sabuni, maganda ya ndimu, ute wa mchele
vikitoka upande wa mjini,
vikipita chini ya jamvi letu bila haraka.
Akatazama sana.
"Povu hili la wapi?"
"Mifereji ni mingi, mama," nikasema.
Sikuongeza. Kikombe alikuwa nacho mkononi,
nami nilimwona akikitazama ukingo.

Leo tangi ni tupu, mlango umetulia,
lakini chai imeegemea kaskazini:
mvua ya jana imejaza pipa la maji matamu.
Huku hakuna kilicho sawa kwa muda mrefu.

Na kuna mtoto ametumwa kutoka Langoni, kwa boti, kuuliza
mchanga wa lile sanduku huchotwa wapi.
Sijajibu bado.
Nageuza kikombe,
nanywea upande uliojaa.