Sikio la Upande wa Pili

Mwaka ule cheti chetu kilikuwa mkono.
Unaupitisha juu ya utosi,
unaushusha upande wa pili
kama mtu anayechungulia ua wa jirani.
Vidole vikigusa sikio, umekua.
Visipogusa, rudi kwa mama.

Foleni ya Keko ilianzia bombani.
Mwalimu Ndimbo kakaa, rula mapajani,
jina la mtoto haliulizi kwanza.
"Shika sikio. Si hilo. La kule."

Mimi Kulwa nikashika,
nikalikunja kabisa,
wasije wakasema nimelipapasa tu.
Nyuma yangu Doto,
tumbo moja, usiku mmoja, mkunga mmoja;
nilimtangulia muda wa kuchemsha chai.
Akanyoosha hadi gauni likaachia mshono kwapani,
akapinda shingo.
"Shingo wima!"
Vidole vikaishia kwenye nywele,
upana wa kucha mbili kabla ya sikio.

Mama, Mungu amlaze pema, akasema:
Mwalimu, hawa ni pacha.
Mwalimu akasema:
Mama, mkono haudanganyi.

Penseli ilikatwa nusu,
nusu ya Doto ikawekwa kabatini.
Mimi nikaenda na daftari,
yeye akabaki na beseni la vitumbua,
akiwarudishia chenji mafundi seremala,
senti kumi, thumuni,
bila kuandika popote.
Jioni akining'inia kwenye mwamba wa mlango
apate kurefuka.
Baba akimwambia: utavuta mkono, utavuta na nyumba.

Usiku, chandarua kimoja,
namsikia gizani:
kiganja kinapita juu ya nywele,
shwaa, kinasimama.
Shwaa. Kinasimama.
Usiku mmoja hakikusimama.
Akanifinya niamke:
"Kulwa, nimelipata."
Ilikuwa Mei.
Shule ikamwambia aje Januari.

Basi akawa nyuma yangu darasa moja daima,
ndani ya sare zangu zilizopauka,
akisoma vitabu nilivyovichora masharubu.
Ila hesabu zangu za la tano
alinifanyia yeye, akiwa la nne.

Juzi nimempeleka mjukuu kuandikishwa.
Karani hakumtazama mtoto.
Akataka cheti cha kuzaliwa, nakala mbili, picha, namba ya simu.
Mtoto kasimama hapo
na mikono yake miwili mizima, haina kazi.
Nikamwambia, hebu shika sikio la kule.
Akashika langu.

Nilipomsimulia Doto alicheka hadi akaweka kikombe chini.
Kisha akapitisha mkono juu ya utosi,
ukafika, ukapitiliza hadi shavuni.
Nami nikajaribu.
Bega hili ni bovu tangu mvua za mwaka juzi.
Vidole vikaishia kwenye kilemba,
upana wa kucha mbili.

Doto akanitazama, rula haipo ila naiona.
"Shingo wima," akasema.
Akasubiri.
"Haya. Rudi kwa mama."