Dobi wa Ghorofa ya Chini

Mimi Thuwaiba binti Nasor, dobi mkuu,
hoteli moja ya Al-Khuwair, chini kabisa,
mahali magazeti hayafiki
ila yakiwa yamefungia viatu.
Habari za vita nazisoma mifukoni.

Wamekuja waasi kumi na mmoja kutoka Yemen
kuzungumza amani. Meneja akatuonya:
msiwaite waasi, waiteni wageni.
Haya, wageni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa ya tatu walipewa makoti.

Kamanda Muqbil alipewa mawili.
La buluu lilitoka ghorofa ya nne,
kwa bwana ambaye udi wake hutangulia lifti.
Jeusi lilishuka kutoka ya saba,
kwa bwana anayeuma bonge la sukari kwanza
ndipo anywe chai.
Wote wawili wanasema: ndugu yetu Muqbil.

Nikajua ratiba ya vita kwa rangi.
Likiletwa la buluu, kwapa limelowa jasho,
usiku ule redio ya mama kule Al-Hail
husema barabara ya Taizi imefungwa.
Likiletwa jeusi, Taizi imefunguliwa,
imefungwa ya Marib.

Mfuko wa buluu: simu, kalamu ya dhahabu.
Mfuko mweusi: simu nyingine, pete ya akiki.
Mfuko wa suruali yake, ile aliyokuja nayo:
jani kavu la mirungi, risiti ya unga,
na karatasi ya majina kwa penseli,
kumi na manne yamekatwa.
Niliipiga pasi, moto mdogo,
nikaikunja ilivyokuwa imekunjwa.

Nikamhadithia mama. Akacheka Kiswahili chake cha Unguja:
"Mshika mbili, moja humponyoka."
Mama, nikamwambia, huyu hakushika.
Ameshikwa.

Jumatatu lifti ikaharibika.
Nilikuwa ngazini na kikapu cha mashuka
nilipomwona wa nne akipanda, wa saba akishuka.
Nikajibana ukutani. Nilidhani nitasikia kitu kikivunjika.
Wakakumbatiana!
Wakaulizana watoto, magoti, dawa ya sukari.
Kumbe walisoma chuo kimoja, miaka hiyo.
Mmoja akanong'ona tarakimu,
mwenziwe akatikisa kichwa, akataja nyingine,
wakacheka, wakapeana mikono.
Muqbil alikuwa nyuma yao, ngazi tatu chini,
koti moja mwilini, jingine mkononi.
Hawakugeuka.

Nimekua nikiambiwa fahali wawili wakipigana
ziumiazo ni nyasi.
Hakuna aliyeniambia kwamba fahali hupumzika,
hulala ubavu kwa ubavu wakacheua,
na wanachocheua ni nyasi zile zile.

Alhamisi wageni waliondoka alfajiri.
Bili ya vyumba ikapelekwa ya nne; ya nne ikasema, ya saba.
Ya saba ikasema, hatuwajui watu hawa.
Makoti yakabaki kwangu, namba 212 na 213.
Biju wa pasi aliyapindua ndani kutafuta jina,
akaniita: njoo uone, dada.
Lebo moja. Fundi mmoja, hapo Ruwi,
nyuma ya duka la matairi.
Kitambaa kimekatwa katika jora moja,
kimoja kikatiwa rangi.

Lakini ninayemkumbuka ni Ghamdan, mlinzi wa kamanda,
ndevu bado hazijaamua,
bega la kushoto limeshonwa vibaya.
Alinishukia siku ya pili na shali kuukuu
akaisimamia kama mtu aliyeleta mgonjwa.
"Ya kaka yangu. Usiioshe, khala.
Inyooshe tu."
Nikamwuliza kaka yuko wapi.
Akasema: kwenye karatasi ya kamanda.

Niliinyoosha bila maji, bila mvuke.
Vumbi jekundu likabaki mezani,
jembamba, kama mstari wa mpaka.
Biju alileta kitambaa apanguse.
Nikamwambia, ngoja kidogo.