Ufa

Karakana yetu iko Plovdiv, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la miwani.
Tunatengeneza meno.
Meza yake iko dirishani, yangu nyuma yake;
miaka sita nimemjua zaidi kwa kisogo.

Radostina huchota unga wa kauri kwa ncha ya brashi,
tabaka juu ya tabaka,
hutia tanurini, hutoa, huinua kwenye mwanga,
huguna. Kisha nyundo.
Jino ambalo mimi ningeliuza bila kusita
huwa vumbi juu ya karatasi.

Jumanne daktari alirudisha moja,
la mzee Stamen, mkata tiketi mstaafu.
Barua ilikuwa fupi:
*Jino zuri mno. Kinywani linaonekana maiti.
Meno jirani yana madoa ya kahawa, moja lina ufa.
Tafadhali, liharibuni kidogo.*

Kizuri hakikosi ila, nikamtania,
na leo ila imeagizwa kwa maandishi.
Hakucheka.

Alichora ufa kwa unywele mmoja wa brashi,
rangi ya chai iliyopoa.
Akaufuta: umenyooka mno.
Wa pili ulijipinda. Huu, akasema, unaigiza.
Nilipozima taa yangu saa mbili usiku
alikuwa kwenye ufa wa tisa,
mabega yamempanda hadi masikioni.

Alhamisi hakuja.
Ijumaa mama yake alipiga simu:
amelala, anautazama ukuta,
anauliza kama ufa umefika salama.

Umefika. Mzee Stamen anasema jino linakata mkate.
Kiooni hajajitazama.

Daktari wa akili amempa majuma sita.
Wa meno naye kagundua jambo:
usiku husaga magego yake mwenyewe,
yamebaki bapa kama sarafu ya zamani.
Nasi tulidhani kinachosaga humu ndani
ni mashine ile ya pembeni.

Leo namtengenezea kinga ya kulalia.
Nimeshika taya lake la plasta mkononi,
mara ya kwanza kumtazama kwa mbele.
Jino la pembe si dawa ya pengo, najua,
na hii si dawa ya lolote,
ni plastiki tu, ya kuamulia ugomvi wa juu na chini.

Ukingoni kimebaki kiputo cha hewa,
kidogo kama yai la chawa.
Atakiona.
Nimechukua kisu nikitoe.
Nimekirudisha kisu mezani,
nimelamba gundi ya bahasha,
kona imejikunja.