Kisigino

Tuliinunua kwa sababu ya dirisha moja.
Machi, saa kumi jioni, jua la Dunedin lilipenya kioo chekundu
likamwagika sakafuni kama mvinyo wa bure,
na Rewi, mtu wa hesabu, mtu wa kutunza risiti,
akasema, "Hii."
Neno moja. Mkopo wa miaka ishirini na saba.

Basi njoo uione, mwaka wa nne huu.
Kanyaga hapa. Sio pale. Pale hapana sakafu,
pana mkeka tu, umetandikwa kwa adabu.
Sinki hatuna. Vyombo twaosha bafuni,
masufuria yakioga kando ya mswaki wangu,
na birika twalichemshia ngazini,
maana ngazini ndiko kwenye umeme usiorusha cheche.

Nilibandua karatasi ya ukutani, yenye maua ya zambarau.
Chini yake ndege. Chini ya ndege, mistari.
Chini ya mistari maua tena, mabaya zaidi,
kisha gunia lililowambwa kama ngozi ya ngoma,
likanipumulia usoni vumbi
na kikohozi cha watu waliokwisha kuzikwa.
Chini ya gunia mbao, na ndani ya mbao
bungua, wapangaji pekee wasiolalamika.

Bwana Tuohy wa duka la vifaa
ananijua kuliko anijuavyo dada yangu.
"Leo kimeanguka nini, Ailsa?"
Simjibu. Naelekeza kidole kwenye skrubu.

Pimamaji haina kazi huku:
kiputo chake hukimbilia pembeni
kama mtoto aliyevunja kikombe.
Timazi yasema kweli, ukuta nao una kweli yake.
Rafu ya vitabu niliikata mara nne,
mara tatu ikawa fupi,
mara ya nne nikakata kidole.

Na msiniambie habari za usipoziba ufa.
Niliziba ufa.
Nikajenga na ukuta.
Ufa ukarudi kuutazama ukuta mpya.

"Tuuze," Rewi alisema Julai,
mvuke ukimtoka kinywani, sebuleni,
ndani ya makoti mawili.
Sikuweza kumgeukia.
Nilikuwa nimeishikilia dari kwa kichwa.

Halafu mlango wa chumba cha nyuma.
Tangu tuhamie haujawahi kufunga, na usiku
hugonga, hugonga, kama mgeni asiye na haya.
Jumamosi nikaapa. Nikashika mtaimbo,
nikang'oa kizingiti, nikalala kifudifudi na tochi,
na chini ya mhimili wa fremu nikakiona
kisigino cha kiatu.
Cha mwanamke. Ngozi juu ya ngozi, misumari mitatu midogo,
kimepigiliwa hapo kuwa kabari.

Nilikaa chini nikakasirika.
Miaka minne nadhani mimi ndiye mlipuaji!
Kumbe seremala, mwaka elfu moja mia nane themanini na saba,
mwenye haraka, au deni, au mvua mgongoni,
aliona mhimili unapwaya, akatazama huku na huku,
akatazama chini.
Nani alirudi nyumbani akichechemea siku ile?

Nikakichomoa.

Nyumba ikapiga mwayo.
Milango mitatu iliyokuwa ikifunga ikagoma,
na kule mbele kioo chekundu kikasema *tik*,
kidogo tu, kama ulimi wa mama mkwe.
Nikakirudisha mbio, nikikigonga kwa nyundo,
nikimwomba radhi mwanamke nisiyemjua jina.

Rewi akashuka na birika.
"Umerekebisha?"
"Ndiyo."
Akaujaribu mlango. Haukufunga.
Akaniangalia, nami vumbi hadi kope,
akavua kiatu chake kimoja, akauzuia nacho,
akaenda bafuni kuosha vikombe,
mguu mmoja ukilia tap,
mwingine kimya.