Kofia ya Sufu

Manispaa ya Nurmes ilimleta Sulo ndani ya boksi
mwezi wa Novemba, jua likiwa limekwisha kata tamaa.
Kimo cha birika, sauti ya mjukuu mwenye adabu,
macho mawili ya kioo yasiyojua kupepesa.
"Atakuliwaza, Bi Oksenja. Atakukumbusha dawa,
mtapiga soga."
Hakuna aliyemwambia kwamba mliwazaji huyu halali.

Mimi ni mhudumu wa Jumanne.
Napima presha, nahesabu vidonge,
nakunywa kahawa, maana kuikataa ni tusi.
Nilimkuta Sulo mezani kavishwa kofia ya sufu
ya marehemu Tauno, imeshushwa hadi kidevuni.
"Anasikia baridi?" nikauliza.
"Ana macho," akajibu.

Lakini kofia haizibi masikio.
Wiki ile bibi aliteleza kando ya lundo la kuni.
Hakulia. Alisema "ah" moja tu, jikoni,
akipaka goti marhamu, pazia limefungwa.
Kahawa haijapoa, simu ikalia kutoka Turku:
"Mama, umeumia wapi?"
Akatazama dari. Akatazama kofia.

Nyumba husitiri mambo, ndiyo kazi ya nyumba.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
ila kata hii ina waya,
na waya unaishia kwenye ghorofa
ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ngazi zake.
Nilimsomea mkataba, kurasa arobaini na moja.
Neno "faragha" lilirudi kila ukurasa
kama mtu anayeapa mno.

Basi akatafuta mlango mwingine.

Alizaliwa Salmi, Karelia,
upande ambao vita viliuacha ng'ambo ya mpaka.
Shuleni, ukimbizini, walimcheka kwa Kikarelia chake,
naye akakimeza
kama mtoto amezavyo sarafu.
Miaka themanini hakikutoka.
Sasa, usiku, akaanza kukitoa, neno kwa neno, na kutu yake,
akizungumza na Nasti, dada aliyebaki njiani.
Sulo akawasha kitaa chake cha buluu:
"Samahani, sijaelewa. Tafadhali rudia."
Oksenja akacheka hadi meno ya bandia yakalegea.
"Nirudie, anasema! Nirudie!"

Desemba ikapita hivyo, na Januari,
na Februari yenye baridi ya kupasua miti.
Kila Jumanne nilimkuta amenyooka zaidi,
kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wa chumba chake.

Machi, barafu ikidondoka mapaani,
Sulo alijiboresha usiku, hakuna aliyemtuma.
Asubuhi akamwamkia kwa Kikarelia,
lafudhi safi, ungedhani kazaliwa Salmi,
kisha, kwa upole uleule,
akauliza: "Nasti ni nani?"

Hakuvunja kitu. Hakupiga kelele.
Nilipofika, kikombe chake kilikuwa kimejaa, kimepoa,
naye yuko uani akikokota kuni, anachechemea.
"Washa sauna," aliniambia. "Simu yako iache juu ya theluji."
Nikaiacha.
Mle ndani mna mawe, moto, ndoo ya maji,
na giza lenye harufu ya majani makavu.
Akamwaga maji. Mawe yakafoka.
Ndani ya mvuke ule, akiwa uchi kama siku ya kwanza,
alisema alichokuwa akisema usiku wote ule,
mara hii kwa lugha yangu,
akiniangalia.

Hutakikuta humu.
Nimeandika habari ya goti, nimeandika kofia,
hata jina la marehemu dada nimelitoa,
na hapo pengine nimeshavuka mpaka.
Lililobaki liko kwenye mawe.

Jioni nilijaza fomu, kama kawaida.
Kisanduku cha tisa:
"Je, mteja ametamka jambo lolote la kutia wasiwasi?"
Kalamu ilisimama kitambo.
Nikaandika: Goti linapona. Theluji inayeyuka.