Lehemu ya Makoroboi

Shigela ameileta ndani ya gunia la dagaa,
mashine ya kijivu, imemzidi umri kwa miaka saba.
Banda lake liko Kirumba, nyuma ya wauza barafu;
watoto hulipa mia mbili kwa mchezo mmoja
na mashine hii, anasema, ina maringo:
sidii ya dukani inaipokea,
ya kuchoma inaitema.

Haina maringo, namwambia. Ina bawabu.
Kando ya tundu la katikati, sidii halali
ina mtikisiko mdogo, neno la siri lisilonakilika.
Lenzi hulisubiri. Isipolisoma, mlango haufunguki.
Basi tutamwekea bawabu mtu wa kumnong'oneza:
chipu, miguu minane, sawa na punje ya hindi,
shahidi wa uongo
anayeapa upya kila mashine inapowashwa.

"Ni dhambi?"
Waliziacha kuziunda zamani, nikamjibu,
na sidii moja halali ni mchele wa mwezi.
Sicho alichouliza. Tukaendelea.

Skrubu sita. Vumbi. Magamba ya dagaa,
sijui yalipitia wapi.
Mchoro alinichorea Projestus kabla hajarudi Bukoba,
nyuma ya kalenda ya kiwanda cha samaki:
waya huu hapa, ule pale, wa mwisho kwenye ethi.
Nikamenya nyaya kwa meno, nikapaka ulimbo,
nikabana pumzi mara sita.

Washa. Nembo, kisha giza.
Zima, washa. Nembo, giza.
Mita inasema umeme unafika mguu wa kwanza,
wa nane umeshika ethi, hakuna waya uliogusa bati.
Nikaipindua mashine kichwa chini
kama tulivyofanya utotoni lenzi zilipochoka.
Giza.
Nikalaani lehemu baridi, nikalaani waliotengeneza chipu,
nikamlaani Projestus,
na kwa Projestus ndipo nilipopatia:
pembeni mwa ubao, namba nyeupe, ndogo kama chawa,
na kwenye kalenda, namba nyingine.
Mchoro haukudanganya.
Ulikuwa wa mashine nyingine.
Waya wa tano kumbe ulitakiwa uvuke ubao mzima.

Nikaung'oa. Palepale umeme ukakatika,
Mabatini mpaka Igogo.

Chini ya meza kuna pasi ya baba,
kichwa cha shaba kinene kama kidole gumba.
Iliziba makoroboi elfu, hapahapa,
siku ambazo jina la mtaa lilikuwa kazi, si jina tu.
Nikaizika kwenye mkaa wa Ng'wasi mchoma mahindi,
nikaizungushia shaba ya mota iliyoungua,
nikaacha ncha moja itokeze
kama mdomo wa mbu.
Shigela akamulika kwa simu, mkono ukimtetemeka.
Usiyeyushe lehemu, baba alikuwa akinifokea,
pasha chuma, chuma kitaiita chenyewe.
Nikapasha. Nikangoja.
Kitone kikakimbilia mguuni, kikang'aa,
kikatulia.

Tukala mahindi gizani.
Saa mbili na robo mtaa mzima ukapiga kelele
na feni ikaanza kukohoa.

Nembo.
Giza.
Giza likazidi kidogo kuliko mara zote,
Shigela akaacha kutafuna.
Kisha uwanja wa mpira: nyasi za kijivu,
anga ya kijivu, mashabiki wa kijivu
wakishangilia kwa sauti kamili.

"Haina rangi."
Mashine ni ya Japani, namweleza, tivii ni ya hapa,
rangi zao hazijajifunza kusalimiana.
Kuna kidude kingine cha kubadili, elfu nane,
njoo Jumanne.

Hakunisikia. Ameketi juu ya ndoo,
vidole vimeshapata vitufe,
anataka nimwambie haraka, kabla kipenga hakijalia,
kati ya timu hizi mbili za kijivu
ipi ni yetu.